Kreni za Meli na Sheria Iliyosomwa Nusu

Januari 1 mwaka huu wa 2026 ilianza kutumika kanuni mpya katika Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini, unaojulikana kwa kifupi kama SOLAS. Ni kanuni ya 3-13 ya sura ya II-1, na inahusu vifaa vya kunyanyulia mizigo vilivyofungwa kwenye meli zenyewe: kreni za sitahani, ambazo makuli wengi wa pwani yetu bado wanaziita winchi, pamoja na slingi, minyororo, pete na kulabu zinazotumika nazo. Nimefuatilia inavyozungumzwa na mawakala wa meli, waagizaji na watu wa bandari, nikakuta imeeleweka kwa namna mbili. Wapo wanaosema hilo ni jambo la viwanda vya kuunda meli vya China na Korea Kusini, sisi kazi yetu ni kupokea meli zikija. Wapo wanaosema tushukuru, kwa kuwa tangu mwaka mpya kila kreni inayokuja gatini imepimwa na ina cheti. Wa kwanza wamekosea. Wa pili wamekosea vibaya zaidi, kwa sababu kosa lao linaweza kumuua mtu.

Msimamo wangu ni kwamba kanuni hii inatuhusu sisi wa Dar es Salaam, Tanga, Mtwara, Malindi ya Unguja na Mombasa kuliko inavyowahusu watu wa Rotterdam, na kwamba nguvu yake itatoka kwa mkaguzi anayepanda ngazi ya meli hapa kwetu. Muhuri uliopigwa katika nchi ya bendera, yaani nchi meli iliposajiliwa, hautatosha. Kwa mara ya kwanza mkataba huu umemtazama mtu anayesimama chini ya kulabu, na umeipa nchi ya bandari haki ya kuuliza maswali ambayo awali yalikosa mwenyewe. Haki hiyo ikikaa bila kutumiwa, itabaki karatasi nyingine kwenye kabati la nahodha.

Ukitaka kujua kwa nini imechelewa hivi, anzia SOLAS ilikozaliwa. Titanic ilizama Aprili 1912, na mkataba wa kwanza uliandikwa London mwaka 1914 kwa uchungu wa mkasa ule: mashua za uokoaji ziwatoshe wote waliomo, redio isikilizwe usiku na mchana, vilima vya barafu vichungwe. Umeandikwa upya mara kadhaa, na huu tunaoutumia leo ni wa mwaka 1974, ulioanza kazi Mei 25, 1980. Miaka yote hiyo aliyefikiriwa zaidi ni mtu aliyemo melini ikiwa safarini, abiria na baharia. Sisi nasi tumefikiri hivyohivyo, na tuna sababu. MV Bukoba, Mei 21, 1996. MV Spice Islander I, Septemba 10, 2011. MV Skagit, Julai 18 ya mwaka uliofuata. MV Nyerere, Septemba 20, 2018. Visiwani na kanda ya Ziwa kuna nyumba zisizozisahau tarehe hizo, na ndiyo maana tukisikia maneno “usalama wa meli” akili inakimbilia jaketi la kuokolea na idadi ya tiketi zilizouzwa. Kifo cha gatini hakiji na umati. Kinamchukua mtu mmoja, mara nyingi kibarua wa siku, chini kabisa kwenye falka, chumba cha mzigo ndani ya meli, na zamu inayofuata genge jingine linashuka kwa ngazi ileile kwa sababu meli imekodiwa kwa siku na kila siku ina bei yake. Mjomba wangu alipakua meli kwa zaidi ya miaka 20 katika bandari moja ya pwani. Hakuwa msemaji. Alinifundisha nisisimame chini ya mzigo hata ukiwa umetulia hewani, na alipotaka kunieleza sababu alitaja jina la mwenzake, akanyamaza.

Dunia ilikuwa ikijua. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikuwa na mkataba wa kuwakinga makuli dhidi ya ajali tangu 1929, ukarekebishwa 1932, na huo wa 1932 ulikuwa na sharti ambalo hata serehangi, yaani kiongozi wa genge la makuli, asiyesoma angeweza kulisimamia kwa macho na vidole: waya usitumike kama, katika urefu ulio sawa na vipenyo vyake vinane, nyuzi zinazoonekana kukatika zimezidi asilimia 10 ya nyuzi zote. Mkataba namba 152 wa mwaka 1979 ukaweka utaratibu kamili. Kreni ipimwe kwa mzigo unaozidi kiwango chake angalau mara moja kila miaka mitano, ichunguzwe kwa kina na mtu mwenye ujuzi angalau mara moja kila miezi 12, na yote yaandikwe kwenye rejista inayokaa melini. Kwa kreni ya tani 30, ambayo ni ya kawaida kwenye meli za shehena ya kichele, yaani isiyofungwa kwenye magunia wala kontena, zinazotufikia, kipimo hicho ni tani 35. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia mkataba huo, lakini nchi zilizofanya hivyo ni chache, na meli nyingi hupeperusha bendera za zile ambazo hazikufanya.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa nani abishe hodi. Mkataba wa ILO ni wa kazi, na msimamizi wake kwa kawaida ni mkaguzi wa kazi. SOLAS ni ya meli, na msimamizi wake ni mkaguzi wa meli. Mkaguzi wa meli wa nchi ya bandari alipopanda melini aliweza kudai vyeti vya zimamoto, mashua za uokoaji, redio na chati, akajaribu pampu na kufungua milango. Juu ya kreni ya kupakulia mizigo SOLAS haikumpa neno. Mkaguzi wa usalama mahali pa kazi angeweza kuingia kiwandani au kwenye ghala la bandari, lakini sitaha ya meli ya kigeni, yenye nahodha wake, bendera yake na bima yake, ni mahali ambapo hatua zake huwa nzito. Kreni ikabaki kati ya ofisi mbili. Nchi chache, Australia ikiwa mojawapo, zilijitungia amri zao za ndani na kukagua kreni za meli zinazoingia. New Zealand na wenzake wakalipeleka jambo hilo kwenye Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, na likabishaniwa kwa zaidi ya miaka 10 hadi Kamati ya Usalama wa Baharini ilipoipitisha kanuni hii Juni 2023.

Niseme kidogo kuhusu jinsi kreni inavyoua, kwa sababu anayedhani ni suala la kuzidisha uzito tu hataona umuhimu wa ukaguzi wa kila mwaka. Waya wa kreni ni mamia ya nyuzi nyembamba zilizosokotwa kuzunguka kiini. Grisi inayopakwa juu inakinga nyuzi za nje. Maji ya chumvi na vumbi la klinka, malighafi ya saruji, au mbolea hupenya hadi ndani, ambako grisi ya juu haifiki, na kutu huanza kuula waya kule. Kwa nje waya unang'aa. Kwa ndani umebaki nusu. Unapopita kwenye kapi lililochakaa mfereji wake, unakunjwa na kunyooshwa, na kwenye kazi ya grabu, lile kombe la chuma linalojifumba na kujifumbua, hiyo ni zaidi ya mara mia kwa zamu. Iko pia swichi inayotakiwa kukata umeme kulabu ikikaribia ncha ya mkono wa kreni. Ikianza kusumbua na kusimamisha kazi, huwa kuna mtu anayejua namna ya kuifunga ili isisumbue tena. Siku dereva wa winchi akipitiliza kidogo hakuna kinachomzuia, kulabu inagonga juu, waya unakatika, na kilichokuwa kimening'inia kinamshukia aliye chini. Haya yote mtu mwenye ujuzi anayaona akipewa siku moja na akiruhusiwa kusimamisha kazi.

Sasa tusome kanuni inavyosema. Kreni iliyofungwa melini kuanzia Januari 1, 2026 inatakiwa iwe imesanifiwa na kuundwa kwa viwango vya taasisi za uainishaji wa meli au viwango vinavyolingana navyo, ipimwe kwa mzigo na kuchunguzwa kabla ya kutumika, na iandikwe uzito salama wa kazi kwa alama ya kudumu. Kreni ya zamani, yaani karibu zote tunazoziona leo, inatakiwa kupimwa, kuchunguzwa na kuwekewa alama ifikapo ukaguzi wa kwanza wa kuhuisha cheti cha meli utakaofanyika Januari 1, 2026 au baada ya hapo. Cheti hicho hudumu hadi miaka mitano. Maana yake, meli iliyohuisha cheti chake Desemba 2025 inaweza kukaa hadi Desemba 2030 kabla ya siku hiyo kuifikia, na ndiyo sababu nasema wanaodhani kila kreni imeshapimwa wanajihatarisha. Lakini kuna sehemu ya pili ambayo haikusubiri. Kreni zote, za zamani na mpya, zinatakiwa tangu Januari 1 kuendeshwa, kukaguliwa na kutunzwa kwa mujibu wa miongozo ya IMO, na kumbukumbu ziwepo. Mkaguzi wetu hana haja ya kungoja 2030 ndipo aombe rejista.

Zipo hoja za kupinga, na si zote za kupuuzwa. Ya kwanza ni gharama. Meli zenye kreni zao zinazokuja upande huu wa Bahari ya Hindi mara nyingi si changa, wenye nazo hufanya kazi kwa faida nyembamba, na kupima kreni nne kwa mifuko ya maji au vyuma vya uzito kunachukua muda ambao meli haiingizi kitu. Gharama hiyo, wanasema, itaishia kwenye bei ya mbolea ya mkulima wa Mbeya na ngano ya muoka mikate wa Nairobi. Nakubali kwamba sehemu fulani itafika huko. Lakini mmiliki aliyekuwa akifuata utaratibu wa mkataba namba 152 hana jipya kubwa la kulipia, kwani vipimo alishavifanya na vyeti vyake halali vya kabla ya mwaka huu vinaweza kukubaliwa. Anayelia zaidi ni yule ambaye hakuwa akipima, na bei nafuu aliyotupatia ilikuwa imekatwa kwenye usalama wa vibarua wetu. Tena kreni mbovu haina unafuu hata kwa mwagizaji. Meli ya falka tano iliyoishiwa kreni mbili kati ya nne inakaa gatini siku nyingi zaidi, zinazofuata zinangoja nje kwenye nanga, na mkataba wa kukodi meli unakuwa na mgogoro wa nani alipe siku hizo.

Hoja ya pili ndiyo dhaifu kuliko zote, na nashangaa inavyorudiwa na watu wanaozijua bandari. Inasema siku hizi tuna kreni kubwa za gatini, kwa hiyo kreni za meli ni habari ya zamani. Kreni zile ndefu tunazoziona Dar es Salaam na Mombasa zinashusha kontena. Hazishushi klinka, hazishushi mbolea ya kichele, hazishushi mabunda ya chuma wala mbao. Mizigo hiyo kwa sehemu kubwa bado inapanda na kushuka kwa kreni za meli, grabu ikimwaga kwenye hopa na hopa ikimwaga kwenye lori. Malindi, Unguja, imeishi miaka mingi kwa meli zinazokuja na kreni zao. Tanga, kabla kina hakijaongezwa hadi mita 13, meli zilitia nanga mbali na mizigo ikashushwa kwenye matishali kwa kreni za meli. Sasa zinafika gatini, lakini meli iliyoleta mzigo wa kichele inafika na kreni zilezile. Mtwara, kwenye korosho na makaa ya mawe ya Ruvuma, hata panapokuwa na kreni ya bandari yenye magurudumu, moja haiwezi kuhudumia falka tano kwa wakati mmoja. Kadiri bandari ilivyo na vifaa vichache vya kwake ndivyo inavyoegemea vya meli, na kwa sababu hiyo kanuni iliyobishaniwa London inagusa maisha ya kuli wa Mtwara kuliko ya kuli wa Rotterdam, ambaye kazi yake imejaa mashine za bandari yenyewe.

Wapo wanaosema ajali nyingi ni uzembe wa wafanyakazi: hawavai kofia ngumu, wanasimama pasipofaa, wanapiga ishara ovyo. Mafunzo yanahitajika, sina ubishi. Ila kofia ngumu haimsaidii mtu aliyeangukiwa na tani moja, na kibarua aliyeokotwa getini alfajiri hachagui pa kusimama ndani ya falka lenye mzigo kila upande.

Hoja iliyo nzito ni ya nne, na naomba niikalie. Inasema meli mbovu tayari zina vyeti. Tatizo la usalama wa meli halijawahi kuwa upungufu wa kanuni. Ni bendera zinazouza vyeti kwa mtu asiyeonekana, kwa ajili ya meli ambayo haikukaguliwa. Ukiongeza kanuni ya kreni, mmiliki huyo atanunua karatasi moja zaidi. Siwezi kulikana hilo, na sisi Watanzania ndio wa mwisho wa kulikana, kwa sababu bendera yetu imo kwenye habari hiyo. Zanzibar, kupitia mamlaka yake ya usafiri wa baharini, inaendesha daftari la usajili lililo wazi kwa meli za kimataifa. Mwaka 2012 ikabainika kwamba meli 36 za mafuta za Iran zilikuwa zikipeperusha bendera ya Tanzania katika kipindi cha vikwazo, usajili ukiwa umepitia kwa wakala aliyekuwa Dubai, na ikabidi zifutwe. Januari 2018 Serikali ilitangaza kuzifutia usajili meli mbili, Kaluba na Andromeda, moja ikihusishwa na dawa za kulevya na nyingine na vilipuzi, na Rais Magufuli akaagiza meli zipatazo 470 zenye bendera yetu zichunguzwe na usajili mpya usimamishwe kwa muda. Kwa miaka mingi bendera hiyo imekaa kwenye orodha nyeusi ya nchi za Ulaya na Kanada zinazoshirikiana kukagua meli chini ya Makubaliano ya Paris. Maana ya orodha hiyo ni kwamba meli zetu huzuiwa huko kwa kiwango kinachozidi sana cha kawaida. Inaniuma kuandika haya kuhusu bendera niliyoipigia saluti shuleni. Lakini kuli wa Chittagong au Alexandria aliyesimama chini ya kreni ya meli yenye nembo yetu hana uhakika zaidi ya kuli wa Dar es Salaam aliye chini ya kreni ya Comoro au Togo, na tukidai za wenzetu zikaguliwe lazima tuanze na zetu.

Hata hivyo ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho, inatua upande wangu. Ikiwa cheti cha bendera hakiaminiki, aliyebaki ni nchi ya bandari. Hiyo ndiyo sababu mamlaka za bahari zilibuni ukaguzi wa meli za kigeni, na kwetu upo tangu Makubaliano ya Bahari ya Hindi yaliyotiwa saini Pretoria mwaka 1998, ambayo Tanzania na Kenya zote ni wanachama, sekretarieti yake ikiwa Goa. Mkaguzi wa TASAC, shirika linalosimamia usafiri wa majini Tanzania Bara, au wa Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya anaruhusiwa kuipima meli ya bendera yoyote kwa kipimo kilekile, hata kama nchi hiyo haikuridhia mkataba. Kilichokuwa kikikosekana kwenye kreni ni msingi wa kisheria wa kumfanya aangalie juu ya sitaha. Sasa anao. Anaweza kuuliza rejista, akasoma tarehe ya kipimo cha mwisho, akalinganisha namba iliyochorwa kwenye mkono wa kreni na iliyo kwenye cheti, akaomba waya ulegezwe ili aufungue na kutazama ndani, akaagiza kulabu ipandishwe ili aone kama ile swichi inakata. Hakuna cheti cha kununua kinachoweza kuishinda swichi isiyokata mbele ya macho yake.

Ndani ya kanuni kuna kifungu ambacho wengi wamekiona kuwa mwanya. Kinasema kuharibika kwa kreni kusichukuliwe kuwa kunaifanya meli isifae kusafiri, wala kusiwe sababu ya kuichelewesha bandarini, mradi nahodha ameizingatia kreni hiyo mbovu katika kupanga safari salama. Nilipokisoma mara ya kwanza nami nilidhani wenye meli wameshinda. Nikikitazama tena naona kinamrahisishia mkaguzi. Kuizuia meli ni hatua kubwa: inapigiwa simu ubalozini, inaingia kwenye takwimu za kanda, wanasheria wanafika, na mkaguzi kijana anajiuliza mara tatu kabla ya kusaini. Kuitoa kreni moja kazini ni hatua ndogo. Inafungwa, inawekwa alama kwamba haitumiki, meli inabaki huru kuondoka ikitaka. Haiwezi tu kutumia kreni hiyo juu ya vichwa vya watu wetu.

Hapo ndipo ugumu halisi unapoanza, na wala hauko London. Chukua meli ya mbolea iliyofika Novemba, mvua za kupandia zikiwa zinakaribia nyanda za juu kusini. Mkaguzi amefunga kreni namba tatu. Mwagizaji anapiga simu, wakala anapiga simu, malori yamepanga foleni hadi barabarani, na kiongozi fulani anauliza ni nani huyo anayekwamisha mbolea ya wakulima. Shinikizo lote linamwangukia mtumishi mmoja mwenye mshahara wa Serikali, kwa ajili ya vibarua ambao majina yao hayajulikani ofisini. Nimeona wakaguzi wakilaumiwa kwa kuzembea. Sijaona mara nyingi mtu akiuliza nani aliwasimamia walipokaza. Kanuni haina jibu kwa hilo. Nchi ndiyo inayotakiwa kulipata, na nadhani linapatikana kabla meli haijang'oa nanga ilikotoka.

Tanzania inaagiza sehemu ya mbolea yake kwa mfumo wa uagizaji wa pamoja ulioanza 2017 chini ya mamlaka ya udhibiti wa mbolea. Mzigo mkubwa unatangazwa kwa zabuni moja, na anayeshinda analeta. Zabuni hizo hutaja aina ya mbolea, ubora wake, tarehe na bandari. Hakuna ugumu wa kuongeza mstari kwamba meli itakayoleta iwe na rejista ya kreni iliyo hai, kipimo cha mzigo kisichozidi miaka mitano, uchunguzi usiozidi miezi 12, na nakala zitumwe kwa mamlaka ya bandari na kwa mkaguzi wa meli kabla haijafika. Kampuni za saruji zinazoingiza klinka na wasagaji wakubwa wa ngano wanaweza kufanya vivyo hivyo kwenye mikataba yao ya kukodi meli, kwa kuwa wao ndio wanaopoteza kreni ikifungwa. Ikifanyika hivyo, mmiliki wa meli mbovu ataambiwa hapana akiwa bado anatafuta mzigo, na mtu anayemwambia atakuwa mteja wake. Mkaguzi wetu atapanda melini kuhakikisha kilichoahidiwa, jambo jepesi kuliko kusimamisha kazi iliyoanza.

Kuna jambo la ofisi zetu wenyewe pia. Upande wa Tanzania Bara, TASAC inakagua meli na OSHA inasimamia usalama mahali pa kazi. Zanzibar wana mamlaka zao. Kanuni hii imeiweka kreni wazi mikononi mwa mkaguzi wa meli, lakini anayesikia kwanza kwamba kreni inatetemeka au waya umetoa nyuzi ni mtu wa genge, na yeye huenda hamjui hata mmoja wao. Vyama vya wafanyakazi wa bandari, DOWUTA kwetu na Dock Workers Union kule Mombasa, vina nafasi hapa ambayo hakuna mwingine anayeweza kuijaza. Kila serehangi aelezwe kwa Kiswahili maana ya herufi SWL, yaani uzito salama wa kazi, na namba inayozifuata kwenye mkono wa kreni, aelezwe kwamba ana haki ya kuuliza uchunguzi wa mwisho ulifanyika lini kabla hajalishusha genge falkani, na apewe namba ya simu ya mkaguzi inayopokelewa saa nane za usiku. Vibarua wa siku waingizwe kwenye mafunzo hayo, maana ndio walio wengi chini, na ndio wanaoogopa zaidi kuuliza kwa kuhofia kesho wasichaguliwe getini.

Meli zitakazotia nanga nje ya Dar es Salaam wiki hii zitakuwa na kreni zilizopimwa mwaka jana, nyingine zilizopimwa zamani, na nyingine ambazo cheti chake ndicho kitu kizima pekee kilichobaki juu yake. Kwa miaka mitano ijayo zitakuja zimechanganyika hivyo, zikiwa zimepakwa rangi ileile ya njano, na atakayezitenganisha ni mtu mwenye tochi, ovaroli na ruhusa ya kusema kreni hii isiguswe.